Barabara ya Berlin kwa Macho ya Ilula

Kuna aina moja ya insha ambayo kila mpenzi wa fasihi amekwisha kuisoma. Mwanafunzi amekwenda kusoma ng'ambo, amepata siku ya mapumziko, naye huenda kutembea katika mtaa walimoishi waandishi wakubwa. Akiwa London huenda Bloomsbury; akiwa Paris huvuka mto Seine hadi ukingo wa kushoto; akiwa Berlin huenda mitaa iliyo kaskazini ya chuo kikuu. Hufika mbele ya nyumba, husoma kibao, huhesabu miaka ya marehemu, hustaajabu kwamba dirisha bado lipo, kisha hurejea bwenini akiamini kwamba amegusa kitu kikubwa. Msomaji wa nyumbani huachiwa mfano wa salamu za harusi ambayo hakualikwa.

Kustaajabu si kosa, kwani asiyestaajabu hana haja ya kusafiri. Kasoro ya insha hizo ni kwamba mwandishi huingia mtaani mikono mitupu, kana kwamba lugha aliyokwenda nayo haijapata kufika pale kabla yake. Kwa mji wa Berlin dhana hiyo haina ukweli hata kidogo. Kiswahili kimekuwa na makazi katika mji huo tangu karne ya kumi na tisa. Kimefundishwa pale, kimeandikwa pale, kimechapishwa pale, na wenye lugha wamezikwa pale. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana huko kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, ingawa aliziandika kwa Kijerumani. Baada yake walikuja wengine ambao waliandika kwa lugha yao wenyewe. Kwa hiyo suala linalomkabili mwanafunzi wetu ni hili: anapotembea katika mtaa wa waandishi wa Berlin, anatembea katika mtaa wa nani?

Suala hilo hujibika vizuri zaidi kwa kufuata barabara moja tu. Barabara hiyo hubadilisha jina mara kadhaa. Karibu na Chuo Kikuu cha Humboldt huitwa Friedrichstraße. Ikishavuka mto Spree na kufika penye Oranienburger Tor huitwa Chausseestraße. Ikizidi kwenda kaskazini, katika eneo la Wedding, huitwa Müllerstraße. Mtu anayetembea kwa miguu, bila haraka, huimaliza sehemu hiyo kwa saa mbili hivi. Vitabu vya wageni humwonyesha kwanza ukumbi wa tamthiliya wa Schiffbauerdamm, ulio kando ya mto, ambamo mwaka 1928 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza *Opera ya Senti Tatu* ya Bertolt Brecht, na ambamo kundi lake, Berliner Ensemble, lilihamia mwaka 1954. Kisha humpeleka nambari 125 ya Chausseestraße, nyumba aliyohamia Brecht mwaka 1953 na akafia humo mwaka 1956. Ubavuni mwa nyumba hiyo yapo makaburi ya Dorotheenstadt. Humo amelala mwanafalsafa Hegel, amelala Fichte, amelala Anna Seghers, amelala Brecht mwenyewe pamoja na mkewe Helene Weigel, chini ya jiwe lisiloandikwa chochote ila jina. Hapo ndipo insha nyingi hukoma.

Sasa na tumfikirie mwanafunzi anayefika hapo akitokea Ilula.

Kwa wasomaji wengi wa pwani na visiwani, Ilula ni jina linalopita dirishani mwa basi. Gari likishapanda Kitonga, likaingia nyanda za juu, abiria huanza kuona matenga ya nyanya na marundo ya vitunguu kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Hapo ni Ilula, katika wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa. Basi huondoka, abiria husinzia, na baada ya mwendo mfupi, kabla ya kufika mjini Iringa, hupita Lugalo. Ni wachache wanaoinua kichwa. Na hapo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Wahehe ya Mkwawa yaliuvamia msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani baadaye walijenga mnara wa kuwakumbuka watu wao.

Mtu aliyekulia Ilula amekulia karibu na mnara huo. Kabla hajajua kusoma alikwisha kujua kwamba mawe hayajengwi hivi hivi, na kwamba mwenye kujenga mnara ndiye huchagua majina ya kuandika. Hilo ni somo la uhakiki. Mwanafunzi wa namna hiyo akifika penye kibao cha Chausseestraße hawezi kukisoma kwa macho ya mgeni mtupu. Atauliza nani aliyekiweka, na nani aliyeachwa.

Na aanze basi na mwaka anaoujua, 1891. Mwaka uleule wa Lugalo, Mzanzibari mmoja, Amur bin Nasur, alianza kazi Berlin ya kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1887, chini ya kile chuo kikuu ambacho tangu 1949 huitwa Humboldt. Kabla yake alikuwapo mwalimu mwingine kutoka kwetu, Sleman bin Said. Amur alikaa Berlin hadi mwaka 1895. Kisa cha maisha yake na cha safari yake kilitiwa katika mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili uliotayarishwa na C. G. Büttner na kuchapishwa Berlin mwaka 1894. Wanaoitafuta asili ya nathari ya Kiswahili iliyochapishwa, yaani masimulizi ya mtu juu ya nafsi yake na juu ya mambo aliyoyaona kwa macho yake, hawawezi kuuruka mkusanyo ule. Humo tunaikuta sauti ya khabari: sentensi fupi, kitenzi cha *ka* kikisukuma kisa mbele, na msimulizi anayemchukulia msomaji kuwa mtu wa kwao aliyeketi naye barazani.

Wasomaji wa visiwani wana haki ya kujivunia. Lakini fahari hiyo isipopimwa hugeuka usahaulifu. Lazima tujiulize wanafunzi wa Amur bin Nasur walikuwa akina nani. Seminari ile ilikuwapo ili kuwaandaa wakalimani na maofisa, na baada ya Ujerumani kutwaa makoloni, wengi waliokaa mbele ya walimu wa Kiswahili walikuwa watu wanaojiandaa kwenda kutawala. Tarehe 30 Oktoba 1894, Amur akiwa bado mwalimu Berlin, jeshi la Wajerumani liliiteka ngome ya Mkwawa huko Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana msituni hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi asikamatwe. Fuvu lililochukuliwa kuwa lake lilirudishwa kutoka Bremen mwaka 1954, nalo likawekwa Kalenga.

Hakuna haja ya kumtia Amur bin Nasur hatiani. Alikuwa mwalimu wa lugha, naye aliifanya kazi hiyo katika nchi ya baridi, mbali na watu wake. Lakini msomaji wa Ilula analiona jambo ambalo msomaji wa pwani hulisahau kwa urahisi. Kwa mtu wa pwani, Kiswahili ni maziwa ya mama. Kwa Mhehe, Kiswahili kilikuja kwa miguu: kwanza kwa misafara ya biashara, kisha kwa askari na karani, kisha kwa misheni na skuli, na mwishowe kwa uhuru, hata kikawa chake kabisa. Katika safari hiyo ndefu, kituo kimoja kilikuwa darasa la Berlin. Amri zilizotolewa Iringa kwa Kiswahili zilikuwa na mizizi katika mazoezi yaliyoandikwa karibu na Friedrichstraße. Kwa hiyo mtaa wa fasihi wa Berlin unamhusu mtu wa Ilula kwa namna chungu kuliko unavyomhusu mtu wa Unguja, naye ana sababu nzuri zaidi ya kuusoma kwa makini.

Baada ya Amur alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Wapenzi wa fasihi wanakijua kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka mwaka 1903. Kwa muda mrefu kitabu hicho kiliitwa cha Carl Velten, aliyekikusanya na kukihariri, ingawa Mtoro ndiye aliyekuwa mwandishi wake mkuu. Ilipofika mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro liliposimama mbele ya kitabu kama jina la mwandishi. Miaka 78 ilipita kati ya kitabu na jina. Mtoro alifundisha katika Seminari ileile mwanzoni mwa karne ya ishirini, akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904, na mwaka uliofuata wakapanda meli kwenda Afrika Mashariki. Serikali ya koloni haikumruhusu mkewe kushuka. Wakarudi Ujerumani wote wawili, na Mtoro hakuiona tena Bagamoyo. Alifia Berlin mwaka 1927.

Ukiusoma wasifu huo sambamba na kitabu chake unazuka mgongano ambao wahakiki hawajaushughulikia ipasavyo. *Desturi* ni kitabu cha mtu anayeeleza kwa utulivu mila za kuzaliwa, kuoana na kuzika, kana kwamba mila hizo zingali zikimngojea nyumbani. Sauti yake ni ya *sisi*: sisi hufanya hivi, kwetu huwa vile. Mtu aliyesema *sisi* kwa ufasaha huo alikuja kufungiwa mlango wa kwao kwa sababu ya ndoa. Msomaji anayeijua khabari hiyo hawezi tena kuzisoma sura za ndoa kama maelezo ya kawaida ya mila. Chini ya kila sentensi iliyopangika vizuri anaona gharama ambayo mwandishi mwenyewe, wakati wa kuandika, hakuwa bado ameijua.

Wa tatu ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, akafika Berlin mwaka 1929. Alifundisha Kiswahili, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza katika filamu ambazo mara nyingi zilimtaka awe mtumishi au mwenyeji wa porini. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa kosa la mahusiano na mwanamke wa Kijerumani, ukampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 1944. Mbele ya nyumba nambari 193 ya Brunnenstraße, si mbali na Chausseestraße, tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo la shaba lililozamishwa katika njia ya watembeao kwa miguu. Wajerumani huyaita mawe hayo mawe ya kujikwaa. Husen hakuacha diwani wala kitabu. Aliacha sauti yake katika masikio ya wanafunzi, na hiyo pia ni kazi ya lugha. Mwalimu wa lugha asiyeandika hupotea katika historia ya fasihi kama manju ambaye nyimbo zake huimbwa na wengine.

Watu hawa watatu, Amur, Mtoro na Husen, walifika Berlin wakiwa wenye lugha, lakini hawakuwa wenye meza. Waliulizwa, wakajibu, waliandikishwa, wakasahihishwa. Elimu iliyotokana nao ilipewa majina ya wengine. Bila ya kuijua hali hiyo haiwezekani kuuona uzito wa mtu wa nne, ambaye ndiye kiini cha makala haya.

Ebrahim Hussein alikwenda Berlin ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hakwenda kutoa khabari za kwao kwa ajili ya kitabu cha mwingine. Alikwenda kuandika tasnifu yake ya udaktari, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, juu ya maendeleo ya tamthiliya katika Afrika Mashariki. Yaani ni chuo kilekile ambacho kizazi cha Amur na Mtoro kilikifanyia kazi chini ya usimamizi wa wengine, nacho sasa kilikaa kumsikiliza mtu wa mwambao wa kusini wa Tanzania akitoa hoja zake mwenyewe. Wala hakufika akiwa hana kitu mkononi. *Kinjeketile* ilikuwa imekwisha kutoka mwaka 1969, na *Mashetani* mwaka 1971.

Wahakiki wengi humweka Hussein chini ya kivuli cha Brecht, kana kwamba Chausseestraße ndiyo iliyomfanya kuwa mtunzi. Tarehe zenyewe zinapinga. *Kinjeketile*, tamthiliya ya vita vya Maji Maji iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi katika skuli zetu, iliandikwa kabla ya safari hiyo. Na swali lake kubwa halikutoka katika ukumbi wowote wa Ulaya. Ni swali la neno. Kinjeketile wa Hussein analitoa neno linalowaunganisha watu, kisha analiona neno hilo likikua mpaka kumpita yeye mwenyewe, na hawezi tena kulirudisha kinywani. Mwishoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa kukiri huko kungewaambia watoto wa kesho kwamba baba zao walipigania upuuzi. Humo humo Hussein ametia jambo linalopasa kuwasumbua wasomaji wa visiwani: Kinjeketile, katika hali ya kupagawa, anawaahidi watu kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, akizindukana anashtuka, kwani kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine si uhuru. Mtunzi aliyeweza kuandika hayo mwaka 1969 hakuhitaji kufundishwa na Berlin namna ya kuishuku historia.

Basi Berlin ilimpa nini? Jawabu lipo katika kazi zilizofuata. Mwaka 1976 zilitoka pamoja *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*. Aliyetarajia kwamba mwanafunzi wa Humboldt angerudi na tamthiliya za Kijerumani zilizovishwa kanzu alikuta kinyume chake. Tungo hizo mbili zinasimama juu ya msimulizi. Lugha yake inakaribia ushairi, mwendo wake ni wa ngano, na hadhira inavutwa ndani ya kisa kwa desturi za fanani wa kwetu. Kwa umbo, hizo ndizo kazi za Hussein zilizo karibu zaidi na baraza na uwanja wa kijiji, nazo zilikuja baada ya Berlin.

Hilo halishangazi kwa mtu anayekumbuka Brecht alikuwa anatafuta nini. Brecht alitaka tamthiliya inayosimuliwa, ambayo hadhira haizamishwi katika ndoto, bali husimamishwa mara kwa mara ili ifikiri. Alitaka mwigizaji anayeonyesha kwamba anaonyesha. Mwambao na bara ya Afrika Mashariki wanamjua mtu huyo tangu zamani: ni fanani anayekatiza hadithi kumkemea msikilizaji aliyesinzia, anayekuwa sungura kwa sentensi moja na fisi kwa sentensi ya pili, bila ya kumdanganya yeyote kwamba amegeuka mnyama. Inaelekea kwamba Hussein, katika kumbi za Berlin, alikikuta kitu kilichotafutwa na Wazungu kwa jasho, akatambua kwamba bibi zake walikuwa nacho. Mtaa wa ng'ambo ulimrudishia cha kwao, safari hii kikiwa na jina na hoja.

Katika shairi lake la mapema, *Ngoma na Vailini*, Hussein aliuweka wazi mvutano wa mtu anayeitwa na sauti mbili. Wengi wamelisoma shairi hilo kama ungamo la mtu aliyegawanyika asiye na dawa. Lakini kazi za mwaka 1976 zinaonyesha kwamba mgawanyiko ule haukuwa mwisho wa njia. Mtu aliyeisikia vailini kwa karibu, mahali inapopigwa na wenyewe, ndiye aliyeweza kurudi kuiwamba ngoma yake upya. Hapa ndipo palipo tofauti kati yake na insha ya mwanafunzi tuliyoanza nayo. Mwanafunzi wa insha huuliza: hawa wakubwa walikuwa nani? Hussein anaonekana kuuliza: hawa wakubwa walikuwa wanahangaikia nini, na sisi tunalo jibu gani?

Hussein alipokuwa Berlin barabara yetu ilikuwa imekatwa. Kaskazini ya nyumba ya Brecht, Chausseestraße ilifika penye Ukuta, na upande wa pili ulikuwa mji mwingine na utawala mwingine. Tangu mwaka 1989 njia ipo wazi, na mwanafunzi wa Ilula anaweza kuendelea pale ambapo insha za wengine hukoma. Baada ya mwendo wa kama saa moja kutoka makaburini, Müllerstraße humfikisha katika Mtaa wa Kiafrika, ambamo barabara nyingi zilipewa majina ya makoloni na ya walioyatwaa. Moja iliitwa Petersallee, kwa ajili ya Carl Peters, aliyezunguka Usagara na Uzigua mwaka 1884 akikusanya mikataba, na ambaye kwetu alipewa jina la Mkono wa Damu. Mwezi Agosti 2024, baada ya mabishano ya miaka mingi, jina hilo liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ilipewa jina la Anna Mungunda wa Namibia, na sehemu nyingine sasa inaitwa Maji-Maji-Allee.

Ni rahisi kumaliza hapo kwa shangwe. Barabara iliyoanzia penye darasa la maofisa wa koloni inaishia penye jina la vita walivyopigwa nalo, na katikati yake kuna chuo cha mtunzi aliyeviandikia vita hivyo tamthiliya. Lakini msomaji wa Ilula hataridhika na shangwe hiyo, naye ana haki. Wahehe walipigana vita vyao mapema, tangu 1891 hadi 1898, na Maji Maji ilipozuka mwaka 1905 hawakujiunga nayo. Kibao cha Berlin kinasema *Maji Maji* kwa niaba ya nchi nzima, na nchi nzima haikuwa na kisa kimoja. Mtu wa Lugalo akisimama chini ya kibao kile anaona jina la jirani zake, wala haoni la kwao. Hiyo si sababu ya kukidharau kibao. Ni sababu ya kukumbuka alichotuonya Hussein: neno linalounganisha watu laweza kukua hata likawafunika baadhi yao. Jina la barabara, kama neno la Kinjeketile, likishatoka halimilikiwi tena na aliyelitoa.

Iringa nayo haikukosa waandishi. Mugyabuso Mulokozi aliandika *Mukwava wa Uhehe*, na masimulizi ya Wahehe wenyewe juu ya vita vile yamebaki katika vinywa vya wazee na katika nyimbo. Lakini hatuna mazoea ya kuyasoma maandishi haya pamoja. Amur bin Nasur husomwa na wanahistoria wa lugha. Mtoro husomwa na wataalamu wa mila. *Kinjeketile* husomwa kwa ajili ya mtihani. Lugalo huachiwa vitabu vya historia. Na Berlin huachiwa wasafiri. Kila kimoja kimewekwa katika sanduku lake, na ufunguo wa kila sanduku uko kwa mtu tofauti. Mhakiki anayetoka pwani, aliyezoea kuihesabu fasihi ya Kiswahili kuanzia Pate na Lamu kuja Mombasa na Unguja, huona masanduku hayo kuwa ni ya kawaida. Ramani yake ni ya bahari, na katika ramani ya bahari Ilula haimo.

Hapo ndipo wapenzi wa ushairi wa visiwani wanapotakiwa kusogea kidogo na kumpisha mwingine jamvini. Kiswahili kilichokwenda Berlin kutoka Zanzibar hakikubaki Berlin. Kilirudi kikapanda Kitonga. Kilifika Uhehe kikiwa na bunduki kwanza na kitabu baadaye, na watu wa huko walikipokea, wakakigeuza, wakakitungia mashairi. Wao ndio wanaojua lugha hii ilikuwa na ladha gani ilipokuwa lugha ya amri, na ilianza lini kuwa lugha ya mapenzi. Ujuzi huo watu wa pwani hawana, kwa sababu hawakuupitia. Siku mwanafunzi kutoka Ilula atakapoandika insha yake juu ya Chausseestraße, kwa Kiswahili, akiwa na *Kinjeketile* kwapani na Lugalo kichwani, wasomaji wa pwani wajiandae kusoma habari zao wenyewe zikitoka upande wasiouzoea.

Aandike kwanza kuhusu kibao cha mwisho. Wapitanjia wa Berlin wanaosimama mbele ya Maji-Maji-Allee huhitaji kuelezwa maana ya jina. Huuliza ni mtu, au ni mto, au ni mji. Mwanafunzi wa Ilula halihitaji hilo. Amelisoma kibaoni kwa lugha yake, katika mji ambamo lugha hiyo ilifundishwa kwanza ili atawaliwe nayo. Kwa mara moja katika mtaa ule wa waandishi, mwenyeji ndiye anayeuliza tafsiri, na mgeni ndiye anayejua.